Siku Samaki Wangu Alipoangukia kwa Mama Mkwe

Nilimshika mama mkwe wangu mapajani. Naanza na hilo kabisa, ili asitokee mtu huko mbele akasema Deo kaficha, maana Mpanda ni mji mdogo na wapo waliokuwa dirishani siku ile ambao hadi leo wakikutana nami sokoni wananifanyia ishara ya mtu anayedaka kitu. Nilimshika kwa mikono miwili, mchana kweupe, mbele ya mume wake na wifi yake, nikiwa nimevaa suti na tai, na aibu yote hiyo ilitokana na uamuzi mdogo wa kusogeza meza. Meza yenyewe yangu, na niliisogeza hatua tatu tu.

Lakini kabla hamjanicheka, mjue kwanza mnamcheka nani. Mimi niliondoka Mpanda kwa treni nikiwa na kikapu na jozi moja ya viatu (kimoja kilikuwa kimeshonwa kwa waya), sina baba, sina mjomba serikalini, na nikarudi miaka kumi na moja baadaye, katikati ya miaka ya tisini, nikiwa na stashahada ya uvuvi, masanduku mawili, redio kaseti, na vioo vitano vizito nilivyovizungushia godoro nikavilalia kuanzia Kigoma mpaka nashuka Mpanda stesheni, na hakuna hata kimoja kilichopata ufa. Nani mwingine amewahi kulala juu ya vioo usiku na mchana akashuka salama? Kigoma nilikuwa nafanya kazi kwa bwana mmoja aliyesafirisha samaki wa mapambo kwenda Ulaya, na mimi ndiye niliyekuwa nawahesabu, nawatibu na kuwafungasha kwenye mifuko ya hewa, kwa hiyo nikisema najua samaki, najua samaki.

Nilijenga nyumba Majengo, ya matofali ya kuchoma, bati jipya, sebule yenye makochi na vitambaa vya kufuma. Stashahada yangu niliitia kwenye fremu nikaitundika ukutani. Halafu nikaviunganisha vile vioo vitano kwa gundi niliyokuja nayo, nikapata kisanduku kikubwa cha maji ambacho majirani walikiita kabati la samaki, na humo ndani nikaweka mchanga wa ziwani, maji niliyoyatengeneza mwenyewe yakawa magumu kama ya ziwa (wanaodhani maji yote ni sawa hawajasoma), na samaki kumi na mmoja waliotoka Karema, kando ya ziwa, kwa lori la dagaa, kwenye ndoo yenye mfuniko uliotobolewa. Mimi ndiye mtu wa kwanza Mpanda kufuga samaki sebuleni. Anayebisha aniletee wa kabla yangu.

Sasa hao samaki. Hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu mpaka leo nikiwaeleza najikuta nashusha sauti.

Kule chini ya Ziwa Tanganyika, kwenye mchanga, konokono wakifa wanaacha nyumba zao, maelfu kwa maelfu, na kuna samaki mdogo kuliko kidole chako cha mwisho ambaye anahamia humo. Hapandi juu kuzurura kama samaki wengine. Maisha yake yote ni kwenye sakafu, mlangoni kwa konokono wake. Anabugia mchanga kwa mdomo, anasogea pembeni, anautema, anarudi, anabugia tena, hana jembe wala koleo, na kwa siku mbili ameizika nyumba yake yote ikabaki mlango tu, tena mlango ameuelekeza upande anaoutaka yeye. Nyakati za asubuhi, jua likipenya kwenye kidirisha cha kona ya nyuma, nilikuwa nakaa pale na kikombe cha chai mpaka chai inapoa. Kulikuwa na dume mmoja nilimpa jina la Bwana Afya, kwa sababu hakuweza kuvumilia uchafu mlangoni kwake: nikimwekea kijiwe cheupe, anakisukuma, nikikirudisha, anakisukuma, na siku moja nilipoingiza mkono kukirudisha mara ya tatu akaja akaning'ata. Kitu cha ukubwa wa harage kinakuja kupigana na mkono wa mtu mzima mwenye stashahada! Niliutoa mkono nikacheka peke yangu, lakini ndani ya moyo nilikuwa nimenyamaza kabisa, kama mtu aliyeingia kanisani akakuta ibada imeshaanza.

Umeme wa mji wakati ule ulikuwa wa saa chache tu, na samaki wanahitaji hewa ndani ya maji. Wengine wangekata tamaa. Mimi nilichukua tyubu ya tairi la lori, nikaijaza upepo kwa pampu ya baiskeli, nikaiunganisha na mpira wa dripu wa hospitali, ule wenye kigurudumu cha kupunguzia, hewa ikawa inatoka kidogo kidogo, povu dogo dogo, mchana kutwa. Huo ni utaalamu wangu mwenyewe, hakuna chuo kilichonifundisha. Tyubu ilikaa chumbani, mpira ukapita chini ya mlango hadi kwenye kona ya sebule, na mgeni akiingia haoni chochote ila maji yanapumua yenyewe.

Basi katika kujenga na kufuga huko nikampata Skola, binti wa Sitalike, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa maneno machache na macho makali. Mjomba wangu Filbati akawa mshenga, akapeleka barua, ikapokelewa, lakini baba yake, Mzee Kasiano, hakuwa mtu wa kukubali haraka. Alikuwa amesikia kwamba mimi ni mtu wa maneno mengi (sijui nani alimwambia), na kwamba watu waliorudi mjini na suti mara nyingi suti ndiyo mali yao yote. Akatuma neno: “Nitakuja kuangalia anapoishi. Siku hiyo hiyo nitatoa jibu. Nikisema hapana, barua nairudisha na msije tena.” Skola naye akaniambia kwa upole ulionitisha: “Deo, baba akisema hapana, mimi siwezi kusema ndiyo. Siku hiyo jitahidi usiongee sana.”

Usiongee sana! Mimi! Nikasema sawa, sitaongea, samaki ndio watakaoongea.

Na hapo ndipo nilipoamua kusogeza meza. Kwenye ile kona ya nyuma samaki walikuwa wametulia, lakini mgeni akiingia hawaoni mpaka avuke makochi, na mimi nilitaka Mzee Kasiano akifungua mlango tu jicho lake ligonge samaki chini na stashahada juu, vyote kwa pamoja. Jumapili ile asubuhi, kabla ya wageni, mimi na Mjomba Filbati tukapunguza maji kwa ndoo, tukaisukuma meza hatua tatu mpaka karibu na mlango, tukarudisha maji. Mjomba akapangusa jasho akasema, “Mwanangu, hawa viumbe hawakuzoea hapa. Si ungeacha?” Nikamjibu kwamba mjomba, hili ni suala la kitaalamu.

Sasa mpira wa dripu haukufika. Ikabidi tyubu nayo itoke chumbani ije sebuleni, na tyubu nyeusi ya lori si kitu cha kumwonyesha baba mkwe, kwa hiyo nikailaza sakafuni karibu na ukuta, nikaifunika kitambaa changu kizuri cha kufuma chenye maua, na ikapendeza, ikawa kama kile kiti cha duara cha kisasa cha kwenye nyumba za wakubwa. Nilirudi nyuma nikaitazama nikajipongeza.

Wageni wakaingia saa sita. Mzee Kasiano, mtu mrefu, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Dada yake, Shangazi Paskazia, ambaye macho yake yalikuwa yameshahesabu makochi kabla hajavuka kizingiti. Na nyuma yao, jambo ambalo hatukulitegemea, akaja mama yake Skola. Kwetu mama mkwe haji kuangalia nyumba ya mkwe, na mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawaongei ana kwa ana, hawali pamoja, na kugusana, hilo hata halitajwi, ni kama kutaja kifo cha mtu aliye hai. Lakini alikuwa amekuja mjini hospitali, na lori la kurudi Sitalike lilikuwa linaondoka saa tisa, na jua lilikuwa kali, na hakuwa na pa kusubiri. Mjomba akatandika mkeka haraka karibu na mlango, mama wa watu akaingia kwa kunyata, kitenge kimemfunika kichwa mpaka kwenye paji, akakaa akatupa mgongo sisi sote na kuelekeza uso ukutani. Au tuseme angeuelekeza ukutani, kama pale kwenye ukuta pasingekuwa na meza yangu. Aliishia kukaa pua karibu na kioo cha samaki. Mimi nikageuza macho upande wa pili kama mila inavyotaka, nikafurahi kwamba kila kitu kinakwenda kwa heshima.

“Karibuni, karibuni makochini,” nikasema.

Mzee Kasiano akayatazama makochi, akatazama kiti cha duara chenye maua, akasema, “Mimi napenda kiti cha chini, makochi yananipa usingizi,” na kabla mdomo wangu haujafunguka akajibwaga.

Jamani. Tyubu ilitoa sauti ambayo siwezi kuiandika mbele ya watu wenye heshima zao. Kigurudumu cha dripu kikaruka, upepo wote wa lori ukaingia kwenye maji kwa mkupuo mmoja, kisanduku kikachemka kama sufuria la makande, mchanga ukapanda juu, maji yakamwagika kwenye mkeka, na baba mkwe wangu mtarajiwa akashuka taratibu, taratibu, kadiri tyubu ilivyokuwa inaisha, mpaka magoti yakafika usawa wa masikio, akabaki amekaa chini juu ya maua yangu ya kufuma akinitazama.

“Hiki ndicho kiti cha wakwe?” akauliza.

Shangazi Paskazia akapiga makofi mara moja. “Kaka, kiti kimekukataa!”

Nikamwinua, nikamwomba radhi, nikamweka kwenye kochi, nikaeleza kwamba ile ilikuwa mashine ya hewa, na watu dirishani (maana majirani walishasikia ile sauti) wakaanza kukusanyika. Mtu mwenye akili angeleta soda na kunyamaza. Mimi nikaona njia pekee ya kufuta aibu ile ni samaki. Nikasimama mbele ya stashahada yangu, nikakohoa, nikaanza: “Waheshimiwa wakwe, kitu mtakachokiona leo hakipo nyumba nyingine yoyote kuanzia hapa mpaka Sumbawanga.” Nikaeleza ziwa, nikaeleza konokono, nikaeleza ugumu wa maji, nikaeleza Bwana Afya na kijiwe chake, nikaeleza Ulaya wanavyopendwa, na mchanga ukawa unatulia pole pole, na wote wakainama kutazama.

Hapakuwa na samaki hata mmoja.

Palikuwa na maji, mchanga, na konokono watupu. Wote kumi na mmoja walikuwa wamekimbilia ndani ya nyumba zao, na nani angewalaumu, kwanza wamehamishwa, halafu wamechemshwa.

Mzee Kasiano alitazama kwa muda, akaegemea kochi. “Kijana, sisi Sitalike tuna viboko. Hatujawahi kumwalika mtu kuja kuwatazama, lakini akija, anawaona.”

“Wamo ndani, mzee. Ndani ya konokono.”

“Wamo ndani ya konokono,” akarudia Shangazi Paskazia, akimtazama kaka yake. “Na mali imo ndani ya suti, na ng'ombe wamo ndani ya barua. Kila kitu cha huyu kimo ndani, nje hakitoki.”

Dirishani wakaangua kicheko. Mtu mmoja akasema, “Deo, waimbie watoke!” Mwingine akauliza kama konokono nao wana stashahada. Mjomba Filbati alikuwa amenishika mkia wa koti ananivuta nikae, na mimi (hapa ndipo mnaponiona kama nilivyo) nikalivuta koti langu, nikaingiza mkono majini na saa yangu ya mkononi na mkono mzima wa suti, nikang'oa konokono mmoja kutoka kwenye mchanga.

“Tazameni!” nikasema.

Wakatazama. Konokono. Nikamtikisa, kimya. Nikamweka sikioni kwangu, sijui kwa nini, nafikiri nilikuwa nimeshachanganyikiwa, maji yakanitiririkia shingoni. Nikamgeuza mdomo chini, nikamgonga kiganjani mara ya kwanza, yakatoka matone. Mara ya pili hakuna kitu. Mara ya tatu samaki akatoka.

Alitoka kama punje inayoruka kwenye kikaango. Aligonga kiganja changu, akajipinda, akaruka, akapita juu ya ukingo wa meza, na akaanguka kwenye kitenge cha mama mkwe, mapajani, katikati ya mikunjo, akawa anarukaruka humo akiingia ndani zaidi.

Nataka mnielewe. Pale sikuona mama mkwe. Kwa miaka yangu yote Kigoma nilichofundishwa ni kwamba samaki akianguka usifikiri, daka, maana kila pumzi unayofikiri yeye anakufa. Mwili wangu ukaruka wenyewe. Nikapiga magoti kwenye mkeka wenye maji, nikaingiza mikono yote miwili kwenye kile kitenge, nikawa napapasa mkunjo kwa mkunjo nikisema “njoo mama, njoo mama,” kwa sababu alikuwa samaki jike na hivyo ndivyo nilivyozoea kuwasemesha.

Nilipogundua nimeshika nini, saa yangu ilikuwa inadondosha matone kwenye kitenge chake.

Nikatoa mikono. Sikuthubutu kuinua macho. Nyuma yangu nikamsikia Mzee Kasiano anasimama, na kochi lilipolia ndipo nilipojua kwamba Skola ameshaondoka maishani mwangu.

“Filbati,” akasema, sasa kwa sauti ndogo, na hiyo ndogo ilikuwa mbaya kuliko ile ya ng'ombe. “Nenda kamwite balozi wa nyumba kumi. Na barua yenu mtaikuta kwake.”

“Kaka, twende zetu,” akasema Shangazi Paskazia. “Tumeona nyumba. Tumeona na zaidi ya nyumba.”

Na hapo, kutoka chini ya kitenge, ikasikika sauti ambayo hakuna aliyeitegemea, ya chini, ya taratibu, ikiongea na kioo.

“Wifi. Mwambie huyo mtu aondoke kwenye mkeka wangu.”

Nikarudi nyuma kwa magoti.

Mama mkwe akaingiza vidole viwili kwenye mkunjo mmoja tu, akamtoa samaki mara moja (mimi nilikuwa nimepapasa kila mahali), akamweka katikati ya kiganja chake chenye maji maji ya mkeka, akauinua mkono juu ya ukingo wa kioo, akauzamisha, akaufungua. Akamwachia pale pale juu ya mchanga. Samaki akasimama mahali nilipong'oa konokono wake, kwenye kile kishimo, akawa anazunguka.

“Wifi, mwambie arudishe konokono alipomtoa. Mlango uangalie kule kule ulikokuwa unaangalia. Huyo anahangaika hivyo kwa sababu ana watoto.”

Shangazi akanigeukia. “Umesikia, au mpaka uletewe kwa maandishi?”

Nikamrudisha konokono. Niliukumbuka mlango ulikokuwa unatazama, maana nilikuwa nimekaa mbele yake asubuhi nyingi na chai yangu.

“Sasa mwambie kila mtu anyamaze,” akasema mama mkwe. “Na wa dirishani. Na mwenye nyumba hasa. Mimi nimezaliwa Karema. Tukiwa wasichana tulikuwa tunasimama majini na ndoo zetu, ukipiga kelele huwaoni, ukinyamaza wanakuja kukufukuza miguuni. Hawa hawaitwi. Wanasubiriwa.”

Basi tukanyamaza. Mzee Kasiano aliyekuwa amefika mlangoni akabaki amesimama na kofia mkononi. Hata dirishani wakanyamaza, vichwa kama saba vimebanana kwenye nondo. Sijui tulikaa muda gani. Najua suti ilianza kunikauka.

Kwanza likatoka jicho. Kwenye mlango wa konokono wa pembeni, jicho moja la buluu, kisha pua, kisha Bwana Afya mzima akatoka, akatazama uharibifu wa mtaa wake, akainama, akabugia mchanga, akaenda kuutema pembeni, akarudi. Kazi ikaanza. Akatoka mwingine, akatoka wa tatu, kila mmoja anachimba mlangoni kwake kama watu baada ya mafuriko. Nikasikia magoti yanagonga sakafu, nikageuka, nikamwona Mzee Kasiano, mtu aliyekua akisikia viboko wakikoroma mtoni, amepiga magoti kwenye sakafu yangu, kofia ameiweka chini, uso umekaribia kioo.

“Hebu tazama,” akasema, si kwa yeyote. “Anasomba kwa mdomo.”

Halafu yule jike. Alikuwa amesimama mlangoni pa konokono wake, hachimbi, hasogei, anapepea mapezi tu. Na chini ya tumbo lake, kutoka ndani ya giza la ule mzunguko, wakaanza kutoka. Nilidhani ni chembe za mchanga. Kisha nikaona kila chembe ina macho. Punje za ulezi zenye macho, kumi, kumi na tano, zinatoka, zinaelea ndani ya maji kwa mstari mlangoni kwa mama yao, zinaitazama dunia kwa mara ya kwanza, na dunia yenyewe ilikuwa ni sisi. Walikuwa humo ndani wakati mimi namgonga konokono kiganjani. Walikuwa wamejibana kwenye tone la maji lililobaki huko ndani kabisa, wakingoja mtaalamu amalize kuongea. Miezi yote ile nilikuwa nawatazama samaki wale kila asubuhi, na sikujua kama yule ana watoto.

Shangazi Paskazia akafanya ishara ya msalaba. “Mama Maria,” akanong'ona. “Na wao wana macho.”

Nilitamani tubaki vile hadi jioni. Lakini Mzee Kasiano akajikongoja akasimama, akapangusa magoti, akakumbuka, nikamwona anavyokumbuka, uso ukarudi kuwa wa baba wa binti.

“Haya,” akasema. “Samaki nimewaona. Lakini mke wangu ameshikwa mbele yangu. Filbati, balozi yuko wapi?”

Na mama mkwe, bila kugeuka, macho bado kwenye zile punje za ulezi, akasema: “Wifi, mkumbushe kaka yako. Mtu baki akinishika, anapelekwa kwa balozi. Mkwe akinishika, anatoa mbuzi wa kunisafisha. Mimi nataka mbuzi.”

Nilikuwa wa mwisho kuelewa, pamoja na elimu yangu yote. Mjomba Filbati ndiye aliyenipiga kiwiko cha mbavu, machozi yanamlengalenga.

Mzee Kasiano aliutazama ule mgongo wenye kitenge kwa muda mrefu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. “Mama Skola,” akasema, “hata kuniuliza?”

“Mbuzi wawili,” akadakia Shangazi Paskazia. “Kashika kwa mikono miwili!”

Nikatoa mbuzi wawili, na kitenge kipya, na wala sikutafuta nafuu. Skola alipohadithiwa aliuliza jambo moja tu: “Nilikwambia nini kuhusu kuongea?” Tulifunga ndoa baada ya mavuno.

Meza niliirudisha kwenye kona yake jioni ile ile, hatua tatu, na nikaapa haitatoka pale mpaka nitolewe mimi kwanza. Nimeapa pia kwamba sitang'oa konokono wa mtu kutoka mchangani, na mgeni akija hapa kwangu kutazama, namwonyesha kigoda, namwambia kaa, nyamaza, nami nanyamaza naye (stashahada iko ukutani, anayejua kusoma atasoma mwenyewe).

Mama mkwe wangu bado anakuja mjini hospitali, na bado anasubiri lori kwangu. Mila ni mila: hatutazamani, hatuongei. Anakaa kwenye mkeka ananipa mgongo, uso kwenye kioo, nami nakaa mbali nyuma yake, uso kwenye kioo vilevile, na Bwana Afya anasomba mchanga wake. Siku moja jua liliingia kwenye kile kidirisha likapiga kioo kwa upande, na juu ya mchanga, katikati ya samaki, nikaona uso wa mwanamke mzee nisiyemjua, mwenye pengo la jino moja mbele, ananitazama. Alikuwa anacheka. Akaviinua viganja vyake viwili, taratibu, akafanya kama mtu anayedaka kitu.

Wote tukarudisha macho kwenye mchanga.